Matofali ya Nyumba ya Leta

Mama yangu hakuwahi kupita mbele ya Nyumba ya Leta bila kutema mate. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mtu aliyeingiwa na mdudu mdomoni: aligeuza uso upande wa ziwa, akatema, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge, akaendelea na safari yake ya soko. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni desturi ya wanawake wote wa Uvira, nami siku moja nikatema. Alinipiga kofi la mgongo.

"Weye acha," aliniambia. "Weye hawakukufanya kitu."

Leta ni serikali. Ndivyo wazee wetu walivyoiita tangu enzi za Wabelgiji, na hadi leo mtu wa kwetu akisema anakwenda kwa Leta, wenzake humpa pole kabla hajaondoka. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya matofali ya kuchoma, yenye baraza pande tatu, paa la vigae vyekundu na madirisha ya mbao ambayo rangi yake ya kijani ilikuwa imebabuka. Ilisimama kwenye mwinuko, milima nyuma yake na ziwa mbele, na hewa ikiwa safi uliweza kusimama barazani ukaona nyumba za Bujumbura ng'ambo ya maji. Mkoloni aliijenga ili atutawale ndani yake. Alipoondoka, wetu waliingia humo humo, wakakalia viti vile vile.

Baba yake mama alikuwa miongoni mwa vijana waliofyatua matofali yale. Walimtoa Lubarika, kule bondeni, akiwa bado hajaoa, wakatembezwa hadi Uvira yeye na wenzake wakiwa wamefungwa kamba viunoni. Walichimba udongo, wakaukanyaga, wakaufyatua, wakaupanga kwenye tanuru. Tofali likipasuka, aliyelifyatua alilazwa chini akachapwa. Mama na ndugu zake walikua wakimsugua baba yao mgongo kwa jiwe la mtoni, na mama aliniambia kwamba alijua makovu ya mgongo ule kabla hajajua kuhesabu. Babu hakupenda kuongea juu ya kazi ile. Alisema tu kwamba tanuru moja liliwahi kumwangukia rafiki yake, na kwamba jioni ile ile wenzake waliambiwa walipange upya.

Lakini nilipozaliwa, mama huyo huyo mtema mate alinifunga mgongoni nikiwa na juma moja, akaingia Nyumba ya Leta, akapanga foleni nusu ya siku ili niandikwe. Nilimuuliza baadaye kwa nini.

"Mutoto asiyeandikwa ni mutoto wa upepo," alinijibu. "Minye ninawachukia, lakini kitabu ni chetu."

Nilisomea historia, nikawa mwalimu wa sekondari hapa hapa mjini. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye nyumba ile. Karani mzee wa kuandikisha vizazi alikuwa ananijua. Alitufungulia kabati, akatutolea vitabu vikubwa vyenye majalada meusi, akafunua kwa kidole kilicholowa mate. Mwaka wa kwanza nilimwomba anionyeshe mstari wangu. Aliutafuta, akaupata. Nilikuwa nimeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko ulioinama. Juu yangu alikuwa mtoto wa wafugaji wa Mulenge. Chini yangu alikuwa mtoto wa Wangwana, yaani Waislamu wa mjini, ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa zamani kabla Mbelgiji hajafika. Watoto watatu wa juma moja. Nje ya nyumba ile watu walikuwa tayari wanaulizana nani ni mwenyeji na nani mgeni, na wengine walikuwa wameanza kuuana kwa swali hilo. Ndani ya kitabu tulikuwa tumefuatana tu, kama foleni ilivyokuwa siku ile.

Niliwaonyesha wanafunzi ukurasa ule kila mwaka. Nilikuwa nawaambia: hii ndiyo nchi yenu. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa, kwa uhakika wa mwalimu kijana. Sasa nikikumbuka sauti ile naona haya.

Kisha ziwa lilipanda. Mtu asiyekaa Uvira anadhani ziwa hubaki mahali pake. Letu lilipanda mwaka baada ya mwaka, likala barabara, likala makanisa, likaingia nyumba mpya za wenye uwezo zilizojengwa ufukweni kwa saruji na marumaru. Mtaa wetu ulizama ndani ya siku mbili. Tulitoka na magodoro kichwani, mimi, binti yangu na mama, na pahali palipokuwa pakavu karibu nasi palikuwa mwinuko ule. Kwa hiyo mama yangu, aliyekuwa amezidi miaka themanini, alikwenda kuishi majuma matatu kwenye baraza la Nyumba ya Leta.

Siku za kwanza alikaa akiwa ameipa nyumba mgongo. Alikula akiangalia maji. Siku ya nne au ya tano nilirudi kutoka kutafuta makaa nikamkuta amesimama ukutani, pale ambapo lipu ilikuwa imedondoka, kiganja chake kikiwa juu ya tofali.

"Kuja uone," aliniambia.

Kwenye tofali palikuwa na alama za vidole vinne, zilizobaki pale mtu alipolinyanyua kabla halijakauka. Mama alitia vidole vyake ndani ya alama zile. Vyake vilikuwa vidogo. Hakusema ni vya nani, wala mimi sikuuliza. Waliofyatua walikuwa mamia. Lakini tangu siku ile aligeuza mkeka, akakaa ameegemea ukuta.

Wakati ule wote kuna mtu mmoja aliyetulisha. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Mngwana, mwenye duka karibu na soko. Mama alikuwa mteja wake tangu sijazaliwa. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuja na sufuria la wali na maharage, kofia yake ikiwa imelowa jasho, akawapakulia watu wa barazani bila kuuliza nani anasali wapi. Watu walikula. Wakishiba, wengine walisema pembeni kwamba hao Waarabu weusi wana mali kwa sababu babu zao walikuja na minyororo. Mimi nafundisha historia, najua kwamba minyororo ilikuwepo. Najua pia kwamba mtu yule alikuwa na duka moja lenye paa linalovuja, na kwamba wali ule mkewe aliupika mwenyewe.

Maji yalipopungua tulirudi kusafisha matope. Hatujamaliza, wakubwa wa mji wakaitisha mkutano mbele ya Nyumba ya Leta. Walikuwa wametundika turubai lenye picha ya jengo la ghorofa nne, lote vioo, na mbele yake magari ambayo hapa kwetu hayajawahi kupita. Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja, alishika kipaza sauti.

"Hii nyumba ni ya mukoloni," alisema. "Ndani yake babu zetu walichapwa. Inchi yenye uhuru haiwezi kukaa katika nyumba ya fimbo. Tutaivunja! Tutajenga ya kwetu!"

Watu walipiga makofi. Nakiri kwamba na mimi mikono yangu ilianza kukutana. Maneno yale yalikuwa ya mama yangu. Nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Ilinichukua muda kuona kwamba yamewekwa kwenye kinywa kingine, kwa kazi nyingine. Kiwanja kile kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote mjini, kikavu, kinachotazama ziwa, na kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Niliandika barua ya kupinga na walimu wenzangu wawili. Nilisubiri, nikarudi, nikaambiwa nisubiri, hadi siku moja yule mkubwa alinipokea. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alinipa kiti, akanitolea soda.

"Mwalimu," alisema, "weye unatetea wakoloni?"

Nilimwambia habari za babu yangu. Nilimwambia yote: kamba, tanuru, mgongo.

"Basi, mama," alisema akitabasamu, "ungepaswa kufurahi kuliko sisi wote."

 Jibu nimelipata baadaye, mara nyingi, nikiwa jikoni au nikitembea kwenda darasani, na kila ninapolipata huwa nimechelewa zaidi. Ningemwambia kwamba babu hakuacha kitu kingine duniani. Hakuacha ng'ombe, hakuacha picha. Kaburi lake lilichukuliwa na mto. Aliacha kuta zile, na kuta zile ndizo shahidi pekee kwamba alichapwa. Ukizivunja, hata fimbo inakuwa haikuwepo. Lakini siku ile nilikunywa soda yangu nikaaga.

Mlangoni, katibu wake alinipa nakala ya hati ya ufundi ili nielewe kwamba mambo yameshapita. Hati ilisema jengo limechoka, kuta zimepasuka, linaweza kuangukia watu wakati wowote. Chini palikuwa na sahihi ya mkaguzi. Niliijua kabla sijasoma jina, kwa sababu ndimi niliyemfundisha mtu yule kuandika: alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya ujenzi.

Alikuja nyumbani Jumapili, kama kawaida yake, na kilo mbili za mikeke, samaki wa ziwa letu, kwa ajili ya mama. Niliweka karatasi juu ya meza, kando ya samaki.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi dada yake tangu utoto, "minye ningefanya je? Waliniletea iko tayari. Kama si minye, mungine angesinya, angetia sahihi yake."

"Umeikagua?"

"Nimeikagua."

"Umeona nyufa?"

Aliisogeza karatasi mbali na samaki. Mama alikuwa anapara samaki. Hakuacha kupara.

"Baba yangu waliijenga kwa kumupiga," alisema. "Weye nani alikupiga?"

Mdogo wangu alisimama, akaenda zake kabla chakula hakijaiva. Aliendelea kuja Jumapili, aliendelea kuleta samaki, na mama alimpokea kama mama anavyompokea mwanawe. Mimi sikuweza. Hadi leo tunasalimiana vizuri.

Kuta zilizokuwa ziangukie watu wakati wowote zilikataa kuanguka. Katapila lilikuja asubuhi, wakubwa wakapiga nalo picha, likasukuma baraza, nguzo zikashuka. Lakini lilipofika kwenye kuta zenyewe lilinguruma, likatoa moshi, na siku ya pili likavunjika chuma cha mbele. Ilibidi waite vijana wa nyundo. Siku tisa waligonga. Shule yetu iko umbali wa kutembea robo saa, na madirisha yake hayana vioo. Nilifundisha siku hizo tisa nikisikia. Nilikuwa kwenye somo la mkutano wa Berlin. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Wabelgiji ndio wanaovunja. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua uso wangu niufanye nini.

Mama aliomba nimpeleke. Nilimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nikimshikilia, na dereva akaenda polepole kwa heshima ya uzee wake. Tulifika, tukasimama nje ya kamba. Alitazama vijana wanavyogonga. Nilitegemea atatema, au atalia. Aliniuliza:

"Kitabu kiko wapi?"

Vitabu vilikuwa uwanjani. Walikuwa wametoa makabati yote, wakayapanga kwenye majani, wakayafunika turubai. Karani mzee alikuwa ameketi juu ya kiti kando yake kama mfiwa. Aliniambia ameahidiwa lori la kuvihamisha, tangu Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Lori halikuja, na mvua ya Jumamosi kila mtu wa Uvira anaikumbuka.

Matofali hayakupotea. Tofali la tanuru la zamani ni zuri, na vijana waliyapakia kwenye malori bila kuyavunja. Ukitembea leo mtaa wanakokaa wakubwa utaona uzio mwekundu hapa, ghala la bia pale, choo cha nje kule, na utajua. Vigae vilikwenda kuezeka baa moja ufukweni. Ya kwetu, tuliyoambiwa tutajenga, ilifika kwenye msingi. Walichimba shimo, wakasimamisha nondo, wakamwaga zege kidogo, kisha wakaondoka. Mvua ilijaza shimo. Wauza mitumba walianza kutundika mashati kwenye nondo, na turubai lenye picha ya ghorofa nne lilipauka hadi vioo vyake vikawa vyeupe kama jicho lenye ugonjwa.

Msimu ule ule wa mvua nilinunua karanga sokoni. Mama muuzaji alinifungia kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, nikala nikitembea, nikafika mwisho, nikafungua karatasi nipate zile za chini. Kulikuwa na mistari ya wino wa buluu, mwandiko ulioinama. *Leo amefika mbele yetu.* Kisha jina la mwanamume, jina la kijiji, jina la mke, jina la mtoto. Chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kwenye majina.

Nilirudi mbio.

"Mama, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Batu banaleta, mwalimu. Ninanunua kwa kilo. Ni karatasi ngumu, hazitoboki."

Nilichukua zote alizokuwa nazo. Nilizitandaza nyumbani sakafuni, nikazipangusa. Kurasa ishirini na kitu, watoto wa miaka mbalimbali. Ukurasa wangu haukuwemo. Nilizipeleka kwenye nyumba ya kupanga ambako ofisi ya vizazi ilikuwa imehamia. Karani mzee alikuwa amestaafishwa, na mwingine, kijana mwenye miwani, alizipokea, akazitia kwenye droo, akaifunga. Nilipomwomba anipe hati kwamba nimezileta, alinitazama kama mtu aliyeomba hati ya kuleta majani makavu.

Mama alifariki baada ya mwaka, mchana, akiwa kwenye mkeka wake. Nilikwenda kumwandikisha. Vitabu vipya vilikuwa havijafika. Kijana mwenye miwani alitoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akapiga mstari kwa rula, akamwandika mama yangu humo kwa kalamu ya Biki. Nilikumbuka lile juma moja la umri wangu na ile nusu siku ya foleni. Nilimshukuru, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Kisha ikaja zamu yangu. Binti yangu alipata nafasi ya kusomea uuguzi nje ya nchi. Ili apate pasi ya kusafiria ilibidi apate hati ya uraia, na ili apate hati ya uraia ilibidi mimi niliyemzaa nionyeshe kwamba nilizaliwa na kuandikwa hapa. Nilikuwa nimefundisha nusu ya watumishi wa ofisi ya uraia. Yule aliyekaa mezani nilikuwa nimemfundisha kaka yake.

"Mwalimu, namba ya kitabu iko, lakini kitabu hakiko," alisema.

"Unajua kilikoenda."

"Ninajua. Lakini nani atasema kama weye ni mutu wa hapa? Si minye, mwalimu. Iko sheria. Siku hizi batu banatoka kila upande."

Alinitaka nilete mashahidi watatu, wasiwe ndugu zangu, wanijue tangu utoto. Hebu mtu wa miaka hamsini na kitu atafute, katika mji uliopigwa na vita mara nyingi kama wetu, watu watatu waliomwona akiwa mtoto. Niliokua nao wamekufa, au wako kambini, au wako Ulaya. Nilimpata mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, aliyekuwa jirani yetu. Nilimpata mwalimu mwenzangu niliyesoma naye. Wa tatu sikumpata, hadi nilipopita mbele ya duka la vitenge.

Alifunga duka lake siku nzima kwa ajili yangu. Ofisi ilikuwa katika nyumba iliyowahi kuwa baa, na meza ya karani ilikuwa ile kaunta. Mzee alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akaambiwa avivae.

"Unamujua huyu mama tangu lini?" karani aliuliza.

"Tangu anabebwa," alijibu. "Mama yake aliniuzia mayai, akanunua kwangu kitenge cha kumubebea. Cha majani ya muhogo, rangi ya njano."

"Ni Mukongomani?"

"Kama yeye si Mukongomani," alisema mzee, "basi tufunge inchi, kila mutu aende kwake."

Walicheka wote. Karani aligonga muhuri. Wala hakumuuliza shahidi yule chochote juu yake mwenyewe. Binti yangu alipata pasi, akaondoka.

Miezi michache baadaye mzee alikuja kwangu, mara ya kwanza katika maisha yake, na ombi. Alitaka kwenda hija. Wanawe walikuwa wamemchangia nauli. Kwa pasi alihitaji hati ile ile niliyoipata mimi, na ukurasa wa baba yake ulikuwa umekwenda na vitabu vingine.

"Mwalimu, utanisimamia?"

"Hilo nalo ni la kuuliza, baba?"

Tulikwenda. Kaunta ile ile, karani yule yule, na sisi mashahidi watatu, kwa sababu kwa mtu wa umri ule walikubali waliomjua miaka mingi tu.

"Baba yako alizaliwa wapi?"

"Hapa."

"Babu?"

"Hapa."

"Na baba ya babu?"

Mzee alifikiri. Angeweza kudanganya.

"Yeye alikuja na biashara ya ziwa," alisema. "Kutoka Ujiji. Mbele ya Ujiji, sijui."

Karani aliweka kalamu chini. Mimi hakuniuliza habari za baba ya babu. Hakuna aliyeniuliza.

"Basi iko kazi," alisema. "Ulete karatasi ya asili."

Nilisimama. Nilisema kwamba baba yake aliandikwa katika Nyumba ya Leta, kwamba karani mzee mwenyewe alinionyesha jina hilo la baba yake kwa kidole, katika kitabu cha miaka ya mwanzo.

"Hicho kitabu kiko wapi, mwalimu?"

"Unajua kiko wapi. Wamefungia karanga."

"Basi hakiko." Hakusema kwa ubaya. Alivuta fomu nyingine, akaigeuza upande wangu. "Labda weye mwenyewe utie sahihi hapa, kwamba unashuhudia asili ya ukoo wake na unabeba jukumu. Kukija kuonekana si kweli, watakutafuta weye. Na ile hati ya mutoto wako pia wataiangalia tena."

Nilishika kalamu. Nilisoma fomu kuanzia juu. Nilimwona binti yangu, mbali kule, akiitwa ofisini kwa habari ya karatasi. Nilifika kwenye mstari wa sahihi, nikarudi juu, nikasoma tena, kana kwamba kulikuwa na kitu sijaelewa. Sijui nilisita muda gani. Haukuwa mrefu. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ananitazama, naye alikuwa ameshaona.

Alinyoosha mkono, akaichukua ile fomu taratibu kutoka chini ya kalamu yangu, akaikunja mara mbili.

"Wacha, mwalimu," alisema. "Usijitie matatani. Mungu anajua mahali minye ninatoka."

Ningeweza kumnyang'anya. Ningeweza kusema, baba, nipe. Nilisema, "Tutarudi siku ingine," naye akaitikia, "Ndiyo, siku ingine," na sote watatu tuliomshuhudia tukatoka nyuma yake.

Hatukurudi. Wanawe walirudishiwa nauli yao, na mwaka uliofuata mguu wake wa kulia ulianza kuvimba, kwa hiyo sasa hata akipata karatasi hawezi kusafiri. Duka bado analifungua. Nikipita ananiita, "Mwalimu, karibu, iko mupya imeingia," ananivutia kiti, ananiuliza habari za binti, na ninapochagua kitenge anakipima kwa mkono wake na kuongeza shubiri moja juu ya kipimo, kama alivyokuwa akimfanyia mama. Huwa namwambia inatosha, baba. Huwa hasikii. Nakunja kitenge, naweka ndani ya kikapu, namuuliza mguu unaendeleaje.